Mafungu Alisaini Jumatatu

Nikikwambia utasema naongopa. Kaa kwanza. Kuna mwanamke alizikwa siku ya Alhamisi. Watu walilia, kaburi likafukiwa, wakarudi nyumbani. Jumatatu iliyofuata, mwanamke huyo huyo akasaini barua ya kuomba kuacha kazi.

Ndiyo, marehemu! Na saini haikuwa ya kughushi. Ilikuwa yake kabisa, mkono wake, wino aliotumia mwenyewe. Usikimbie, hakuna mzimu hapa wala uchawi. Ngoja nikuanzie mwanzo.

Palikuwa na kiwanda kidogo cha kufua. Ukumbi mmoja mrefu, paa la bati, mashine nne zinazotetemeka kama zina homa. Kando ya dirisha zilikaa meza za kupigia pasi. Walifua mashuka ya hoteli na mashuka ya hospitali. Wafanyakazi walikuwa tisa.

Mmoja wao alikuwa mpiga pasi. Watu walimwita Mama Pasi, mpaka mumewe naye akamwita hivyo hivyo. Shuka likipita mkononi mwake, hata nzi akitua anateleza.

Meza ya jirani alikuwa rafiki yake. Kazi yake ilikuwa kupokea mabunda machafu, kuyafungua na kuyagawa mafungu. Yenye damu huku, yenye dawa kule, taulo pembeni. Basi wakamwita Mafungu. Mfupi, mwenye sauti kubwa, hakosi neno.

Tajiri wao walimpa jina la Povu, kwa siri lakini. Akianza kuongea, maneno yanapanda, yanajaa, yanamwagika. Ukisubiri yatulie, unakuta maji kiduchu tu chini.

Mama Pasi hakwenda shule. Mafungu alikuwa amesoma kiasi. Mchana kazi ikipungua, Mafungu anachovya kidole kwenye maji ya kunyunyizia nguo. Anaandika herufi juu ya kitambaa cheupe cha meza.

"Soma, shoga! Soma haraka, kabla pasi haijapita!"

"Ma... ma..."

"Ma gani? Mama au maandazi?"

"Ma... ji. Maji!"

"Haya, pitisha."

Pasi inapita. Mvuke unapanda puuu! Herufi hazipo. Wanaandika nyingine. Hivyo hivyo, kidogo kidogo, Mama Pasi akajua kusoma na kuandika jina lake.

Mafungu aliandika M yake kwa namna yake. Mguu wa mwisho aliuvuta mrefu, kisha akaupinda juu kama mkia wa jogoo.

"Mbona M yako ina mkia?" Mama Pasi aliuliza siku moja.

"Ili isipotee. Ng'ombe hana mkia, utamkamatia wapi?"

Walicheka mpaka Povu akachungulia.

Kisha likaja lile gonjwa. Unalijua, sina haja ya kulitaja. Hoteli zilifungwa moja baada ya nyingine. Mashuka ya hoteli yakaisha. Lakini mabunda ya hospitali yakaongezeka mara mbili, mara tatu. Yalikuja yamefungwa kwenye mifuko myekundu. Mafungu ndiye aliyeifungua.

"Bosi, glavu," Mafungu alisema.

"Nimeagiza. Dunia nzima inagombania glavu. Nitaleta tu, msijali, mimi nawapenda kama watoto wangu..."

Aliendelea kwa dakika kumi. Kesho yake akaleta jozi moja.

Jozi moja, watu tisa! Mafungu aliinyanyua juu ili wote waione.

"Jamani, leo kipa ni nani?"

Watu wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo, anayevaa glavu aliitwa kipa. Walipokezana. Leo kipa huyu, kesho kipa yule. Asiye kipa alifungua mifuko kwa mikono mitupu. Walicheka kila asubuhi. Mtu akiogopa sana, hucheka.

Sasa sikiliza hapa vizuri, maana kosa lenyewe ndilo hili.

Kila asubuhi wafanyakazi walisaini karatasi ya mahudhurio. Kalamu ilikuwa moja, imefungwa kwa uzi mlangoni. Asubuhi moja Povu aliwaita wote. Alikuwa na barakoa mbili usoni, moja juu ya nyingine.

"Wapendwa, kalamu hii inapita mikono tisa kila siku. Hatari! Tusiambukizane. Leo tutasaini mara moja tu, karatasi za mwezi mzima. Thelathini. Chini mtasaini, juu mtaacha wazi. Mimi nitajaza tarehe kila siku. Mnaona ninavyowajali?"

Wakaona kweli anawajali. Wakajipanga, kila mtu hatua mbili nyuma ya mwenzake. Wa kwanza akasaini karatasi thelathini nyeupe. Povu akaipangusa kalamu kwa spiriti. Wa pili akasaini thelathini. Spiriti. Wa tatu akawa Mama Pasi.

Alisaini taratibu, ulimi nje kidogo. Karatasi ya kumi mkono ukamuuma.

"Hivi mbona juu hapana kitu?" alimnong'oneza Mafungu.

"Patajazwa. Saini tu, shoga, mabunda yananingoja." Mafungu akachukua kalamu. Mikia thelathini ya jogoo, fasta fasta.

Kisha akarudi kwenye meza yake na kufungua mfuko mwekundu. Siku hiyo hakuwa kipa.

Umeona? Kalamu iliogopwa. Shuka la mgonjwa halikuogopwa.

*

Wiki ya pili Mafungu alikohoa. Akasema ni vumbi la sabuni. Siku ya tatu akashindwa kusimama. Alimtumia Povu ujumbe kwamba anaumwa. Povu akajibu: "Pole. Kaa nyumbani, usituletee."

Akalazwa. Mama Pasi hakuruhusiwa kumwona hospitali. Alimpigia simu. Mafungu aliongea kama mtu anayepanda ngazi.

"Nani... kipa leo?"

"Mimi," Mama Pasi alisema. Haikuwa kweli.

"Usi... zivue."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho kati yao.

Alhamisi wakamzika. Watu kumi tu waliruhusiwa, kila mmoja mbali na mwenzake. Mama Pasi alisimama nyuma. Mama mzazi wa Mafungu alikuwa mbele, amewashika wajukuu wawili mikono. Hakuna aliyeruhusiwa kumkumbatia. Alilia peke yake katikati ya watu.

Jioni Povu akaandika kwenye kundi la simu la kiwanda: "Leo tumempumzisha mwenzetu Mafungu. Alikuwa mfanyakazi hodari hadi mwisho. Poleni sana wanangu." Chini akaweka picha ya mshumaa.

Watu walijibu "Amina".

Jumatatu asubuhi Mama Pasi akafika kazini. Lango limefungwa! Mlinzi alikuwa ndani, akichungulia kwenye tundu.

"Hamna kazi, dada."

"Hamna kazi vipi? Nasikia mashine zinalia."

"Kuna watu wapya wawili watatu, wa muda. Nyie si mmeomba kupumzika? Kila mtu kaachiwa nakala yake. Shika."

Karatasi ikapitishwa chini ya lango.

"Nani kaomba?"

"Mimi nalinda lango, dada. Barua silindi."

Wenzake walikuwa wamesimama barabarani, karatasi mikononi. Mmoja analia, mwingine anatukana. Mama Pasi aliikunja yake akaitia kwenye mkoba. Miguu ilimbeba mpaka nyumbani. Hajui alipita wapi.

*

Mumewe alikuwa fundi viatu. Meza yake ilikuwa pale pale mlangoni kwao. Tangu gonjwa lije, alikaa kutwa akiangalia njia. Watu hawatoki, soli haziishi. Siku hizi aliving'arisha vile viatu vya sampuli, kisha akaving'arisha tena.

"Mbona mapema?" aliuliza.

Mama Pasi akampa karatasi. Mume akasoma kwa sauti.

"'Sisi wafanyakazi tuliosaini hapa chini, tumekutana leo Jumatatu. Kwa hiari yetu wenyewe, tunaomba kupumzika kazi kuanzia leo, bila malipo na bila madai yoyote.'" Akanyanyua macho. "Mke wangu. Umeomba kuacha kazi?"

"Mimi?"

"Saini hii ya nani? Ya jirani?"

"Ya kwangu, lakini..."

"Lakini nini? Ndani tumebaki na unga wa leo tu. Mimi sina mteja. Na wewe unakwenda kuomba kupumzika? Umechoka na nini?"

"Usinifokee! Sijaomba! Hayo maneno ya juu hayakuwepo!"

"Maneno hayaoti kama majani."

Hawakuongea tena mchana huo. Nyumba ya chumba kimoja na watu wawili hawaongei, unaijua? Hata kijiko kikianguka kinasikika kama bunduki.

Mama Pasi akakaa dirishani na ile karatasi. Alianza kuisoma mwenyewe, silabi kwa silabi, kidole chini ya neno. Ku-pu-mzi-ka. Akalitazama neno hilo. Povu alilitumia kwa Mafungu vile vile. "Tumempumzisha." Kidole kikashuka kwenye saini. Ya kwanza, ya fundi mashine. Ya pili, ya yule wa kukausha. Ya tatu, yake mwenyewe. Ya nne...

Kidole kikasimama.

M yenye mkia wa jogoo.

Akarudi juu kwenye tarehe. Jumatatu. Akashuka tena chini. Mkia. Akapanda tena.

"Baba watoto," aliita, ingawa watoto hawakujaaliwa bado. Ni mazoea tu. "Njoo. Njoo uone. Mafungu amesaini leo."

Mume akaja na kiatu mkononi. Akaangalia. Kiatu kikamdondoka.

"Si tumemzika Alhamisi?"

"Tumemzika Alhamisi."

Mume akakaa chini, polepole.

"Nisamehe, mke wangu," alisema. "Hebu nieleze tangu mwanzo."

Akaeleza. Kalamu, spiriti, karatasi thelathini nyeupe.

*

Chumba cha pili kutoka kwao aliishi mama mmoja, karani wa ofisi ya kazi. Kwa miaka mingi alirudi nyumbani na mafaili kwapani, basi mtaa ukamwita Shangazi Mafaili. Wakati huo wa gonjwa alifanya kazi nyumbani. Mafaili yalikuwa mpaka juu ya kitanda.

Mama Pasi alimgongea dirisha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Simama hapo hapo. Na hiyo barakoa ivae vizuri, pua imetoka nje kama inasubiri mgeni."

Mama Pasi akapandisha barakoa. Akanyoosha karatasi kupitia nondo za dirisha. Shangazi Mafaili akaisoma mara moja. Akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Aliposikia habari ya saini ya Mafungu, alivua miwani.

"Nimekaa kwenye kazi hii miaka ishirini na mbili," alisema. "Nimeona waliofukuzwa kwa kuchelewa, kwa kuzaa, kwa kupiga chafya. Maiti kuomba kuacha kazi, hii ya kwanza."

"Shangazi, tumekwisha? Tulisaini wenyewe."

"Nani kakwambia mmekwisha? Lakini kwanza nikugombeze. Karatasi tupu haisainiwi. Hata nikikuletea mimi, hata akikuletea mama yako. Ukisaini karatasi tupu umempa mtu mdomo wako, atasema nao anachotaka. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya. Sasa tuje kwake. Hoteli zimefunga kweli?"

"Zimefunga, shangazi. Kazi imepungua kweli."

"Basi tatizo lake ni la kweli. Sheria haimkatazi tajiri kupungukiwa na kazi. Kila nchi ina sheria yake, na wakati wa gonjwa serikali hutoa na maagizo mapya. Usiseme shangazi kasema, nenda ofisi ya kazi ukaulize. Lakini njia huwa hii. Anawaita. Anawaambia ukweli. Anawasikiliza. Labda mtapunguza saa, labda mtapokezana zamu. Mkikubaliana mnaandika: kuanzia lini, mpaka lini, malipo yatakuwaje. Kila mtu na nakala yake. Kuwapumzisha ni yeye anaamua, na ana masharti yake. Kuomba kupumzika ni nyie mnaamua. Yeye kaamua yeye, halafu kaandika mmeamua nyie!"

"Na Mafungu?"

Shangazi Mafaili akarudisha miwani usoni.

"Mafungu aliumwa akiwa kazini, akatoa taarifa. Aliyeumwa anapumzika kwa ugonjwa, hajaacha kazi. Alikuwa mfanyakazi mpaka pumzi ya mwisho. Kuna haki zake zinazokwenda kwa mama yake na wale watoto. Karatasi hii ikisimama, itasemwa aliacha kwa hiari. Watoto hawapati kitu. Unaelewa uzito wake?"

"Naelewa."

"Na glavu? Aliwapa?"

"Jozi moja."

"Kila mtu?"

"Wote."

Shangazi akafumba macho. "Vifaa vya kujikinga ni juu ya mwajiri. Na kazi yenu nyie ilikuwa kuvivaa, kama angewapa. Mngeweza hata kusema, bosi, bila glavu mfuko huu hatufungui, unahatarisha maisha yetu. Haki hiyo ipo."

"Hatukujua, shangazi. Tulikuwa tunacheka."

*

Walipanga kwenda ofisi ya kazi Jumatano. Mama Pasi aliwapigia simu wenzake wote saba. Wote wakasema ndiyo, tutakuja.

Jumanne mchana gari likasimama njiani. Akashuka Povu. Barakoa mbili. Alisimama upande wa pili wa mtaro, mikono mifukoni. Mume wa Mama Pasi alikuwa mezani kwake, nyundo mkononi.

"Mama Pasi, mwanangu! Habari za hapa? Shemeji, hujambo?"

"Sijambo," mume alisema. Nyundo hakuiweka chini.

"Nimekuja kwa wema. Nimesikia mna safari kesho. Sikia. Wenzako wanne nimeshaongea nao, wanarudi kazini, hawaendi popote. Wewe pasi yako inakungoja. Hata kesho asubuhi, njoo."

Moyo wa Mama Pasi ukaruka. Pasi yake!

"Ila kuna kitu kidogo," Povu akaendelea. Safari hii hakuongea sana. "Ile tarehe ni makosa ya kuchapa tu. Nilichanganya. Wewe ulikuwa rafiki yake. Ukisema Mafungu aliomba kuacha kazi mwenyewe, kabla hajaugua, nani atabisha? Sema hivyo tu. Hakuna anayeumia. Yeye ameshakwenda."

"Na watoto wake?"

"Watoto wana bibi yao. Mungu hamtupi mja wake."

Povu akasubiri jibu, akaangalia saa, akarudi kwenye gari. Vumbi likapanda, likatua juu ya viatu vilivyong'arishwa.

"Utamjibu nini?" mume aliuliza.

"Wewe unasemaje?"

Mume aligonga msumari mmoja, taratibu. "Nikisema ukweli utanichukia. Tumbo langu linasema nenda. Unga umeisha jana."

"Najua."

"Lakini si tumbo litakaloishi na uongo juu ya marehemu, ni wewe." Akagonga tena. "Amua wewe. Mimi sitakufokea tena."

Mama Pasi aliingia ndani. Alikunywa maji nusu kikombe, ndicho kilikuwa chakula cha mchana. Kidole kilikuwa kimelowa. Bila kufikiri akaandika juu ya meza. M. Mguu wa mwisho akauvuta, akaupinda juu.

Alisubiri. Hakukuwa na pasi ya kupita juu yake. Ilikaa pale pale, ikimwangalia.

*

Jumatano ofisini waliwekwa nje, barazani, viti vikiwa mbali mbali. Kati ya wanane waliokuwa hai, walifika wanne. Na mama yake Mafungu, kiti cha mwisho, kimya, kitambaa usoni.

Afisa wa kazi alikuwa mwanaume mwembamba mwenye koti kubwa. Shangazi Mafaili alikaa pembeni akiandika. Siku hiyo hakuwa shangazi wa mtu, alikuwa karani.

Povu, aliyeitwa kwa simu, aliongea kwanza. Hoteli zimefunga. Hospitali inachelewesha malipo. Mashine ni za mkopo. Alisema mpaka koo likamkauka.

"Yote hayo naamini," afisa alisema. "Barua hii waliisaini lini?"

"Jumatatu. Tulikutana."

"Wote?"

"Wote."

"Na huyu wa nne?"

Povu akaangalia karatasi. "Huyu... huyu aliomba mapema kidogo. Kabla. Mama Pasi hapo anajua."

Macho yote yakamgeukia Mama Pasi. Alisimama. Alikuwa amekuja na simu ya mumewe, ile yenye kundi la kiwanda.

"Mimi nasoma polepole," alisema. "Mnivumilie."

Akaweka kidole kwenye kioo. Akasoma.

"'Leo... tume-mpu-mzisha... mwenzetu... Mafungu.' Alhamisi. 'Alikuwa... mfanyakazi... hodari... hadi... mwisho.'" Akanyanyua uso. "Ni maneno ya bosi mwenyewe. Hadi mwisho. Hakuacha kazi. Hakuomba. Saini alitia kweli, mbele yangu, kwenye karatasi nyeupe, na mimi nikatia. Tulikuwa tunaogopa kalamu."

Mama yake Mafungu aliongea kwa mara ya kwanza. Sauti ndogo. "Mwanangu alikuwa anaonekana kwenye karatasi yupo, na nyumbani hayupo. Nilidhani naota."

Povu alishusha barakoa ya juu, kisha ya chini. Walimwona uso mzima. Alikuwa amezeeka.

"Niliogopa," alisema. "Niliogopa nikiwaambia kazi hakuna, mtanidai nisichonacho. Mashine zitauzwa kulipa deni."

"Ungetuambia," Mama Pasi alisema. "Tungepokezana. Sisi jozi moja ya glavu tulipokezana watu tisa, bosi. Tungeshindwa zamu?"

Kwa mara ya kwanza, povu liliisha.

*

Barua ile ilifutwa. Walikaa, safari hii wote, na afisa katikati. Wakakubaliana zamu: wanne wiki hii, wanne wiki ijayo, kwa miezi mitatu, kisha wataangalia tena. Malipo yalipungua kwa siku zisizo na kazi, na kila mmoja alikubali akijua anakubali nini. Ikaandikwa. Kila mtu akapewa nakala. Mashuka ya hospitali yakawekewa utaratibu: glavu kwa kila mkono, aproni, barakoa, sabuni na maji mlangoni. Anayeumwa anatoa taarifa, anapumzika, na nafasi yake inabaki.

Jina la Mafungu liliandikwa kama lilivyokuwa: mfanyakazi, aliyeumwa kazini, aliyefariki akiwa mfanyakazi. Haki zake zilikwenda kwa mama yake. Wajukuu walirudi shule shule zilipofunguliwa. Bibi alisema ahsante. Hakutabasamu. Angetabasamu kwa nini?

Wale wanne waliokaa kimya walirudi pia, wameinamisha vichwa. Mmoja alimwomba Mama Pasi radhi karibu na mashine. Mama Pasi alisema yameisha. Lakini hawakula tena pamoja mchana.

Asubuhi ya kwanza ya zamu, Povu alileta boksi la glavu. Kila mtu akavaa. Mmoja akasahau, akaita kwa mazoea, "Jamani, leo kipa ni nani?"

Wote walikuwa makipa. Hakuna aliyecheka.

Mlangoni palikuwa na misumari, na kila msumari una kalamu na jina la mwenyewe. Povu alinunua kalamu tisa. Alihesabu kama zamani, akasahau. Ile ya tisa ilibaki inaning'inia, haina wa kuishika. Hakuna aliyemwambia aiondoe.

Mama Pasi akachukua ya kwake. Karatasi ya mahudhurio ilikuwa mezani, imejazwa juu, tarehe na yote. Alianza kuisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kidole chini ya neno. Foleni ikasimama nyuma yake. Povu akasimama pia, akasubiri mpaka nukta ya mwisho. Ndipo Mama Pasi akasaini.

Kisha akaenda kwenye meza yake, akawasha pasi. Meza ya jirani ilikuwa na mtu mwingine.

Sasa niambie wewe unayesoma, nawe labda unasoma polepole kama yeye, kidole chini ya neno hili. Unga umeisha. Bosi amesimama ng'ambo ya mtaro, anakupa kazi yako kwa uongo mmoja mdogo juu ya mtu asiyeweza tena kukujibu. Na ile siku ya kalamu, foleni iko nyuma yako, karatasi ni nyeupe, mwenzako anakwambia saini tu. Wewe ungefanya nini?